Kiti cha Jaji Kikikaa Wazi

Waulize watu wa Mombasa ni nani anayelinda mikoko, bahari na hewa yetu. Wengi watakutajia NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, wachache watasema chifu, na hakosekani mkorofi mmoja wa kusema ni Mungu peke yake. Sijasikia hata mmoja akitaja Tume ya Huduma za Mahakama, ile inayopendekeza majaji kwa rais. Mimi ndiyo ningeanza nayo. Nimefuatilia kesi za mazingira za huku Pwani kwa muda wa kutosha kujua kwamba majina ya majaji yakilala mezani Ikulu bila sahihi, kuna mtu mahali fulani anafyeka msitu au anamwaga maji machafu mtoni akiwa na moyo mtulivu kabisa. Anajua hakuna wa kumsimamisha wiki hii, wala mwezi huu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1989 kampuni ya Kenya Times, iliyokuwa ya chama tawala cha KANU, ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Jaji Norbury Dugdale akaitupa kesi. Huyu mama, alisema, hana haki ya kushtaki: hajaumia yeye binafsi kuliko mtu mwingine yeyote, na jambo la umma ni la Mwanasheria Mkuu kulipeleka kortini. Mwanasheria Mkuu mwenyewe ni mshauri wa serikali ileile iliyotaka jumba lijengwe, kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Watu hukumbuka hukumu hiyo kama kituko cha sheria ya kale. Mimi huikumbuka pamoja na jambo lililotangulia mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, na ulinzi huo haukurudishwa hadi 1990. Yaani kesi ya Uhuru Park ilisikizwa katikati ya miaka ambayo jaji angeweza kulala akiwa jaji na kuamka akiwa mtu wa kutafuta kazi. Sidai kwamba Dugdale alipigiwa simu. Nasema tu kwamba hakuhitaji kupigiwa. Jumba lile halikujengwa, lakini shukrani si za mahakama. Ni za kelele za Wangari na za wafadhili walioogopa kuonekana wakilipia simiti katikati ya bustani ya watu.

Katiba ya 2010 ilikuja kujibu mambo hayo mawili kwa mkupuo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda kortini kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Ukisoma maneno hayo ukikumbuka 1989, utadhani yaliandikwa na mtu aliyekuwa ameketi nyuma ya Wangari siku ile. Halafu Kifungu cha 162 kikaagiza iundwe mahakama yenye hadhi ya Mahakama Kuu kwa ajili ya mazingira na ardhi. Sheria yake ilipitishwa 2011, na majaji wa kwanza wakaanza kazi 2012.

Kwa upande wa uteuzi, rais alinyang'anywa kalamu na kuachiwa muhuri. Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, hupokea maombi, hutoa orodha ya walioitwa kwenye usaili na kuuliza umma kama una neno juu yao, kisha huwahoji mchana kweupe, kamera zikiwaka. Wanaofaulu, majina yao hupelekwa kwa rais. Kifungu cha 166 kinasema rais atawateua kulingana na mapendekezo ya Tume. Hakuna panaposema atawachuja tena.

Basi mwaka 2019 Tume ikapeleka majina 41. Kumi na moja yalikuwa ya Mahakama ya Rufaa, 10 ya mahakama ya ajira, na 20 ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Iangalie hesabu hiyo: karibu nusu ya orodha nzima ilikuwa ya watu wa kwenda kusikiza mambo ya mashamba, mito, misitu na hewa. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuwateua, akitaja ripoti za idara ya ujasusi kwamba baadhi yao wana doa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hana hiari katika jambo hilo. Hakuwateua. Juni 2020 Jaji Mkuu David Maraga akasimama mbele ya waandishi wa habari akalalamika waziwazi kwamba rais anadharau maagizo ya mahakama. Hakuwateua. Mmoja wao, Harrison Okeche, alifariki akingoja kuapishwa.

Magazetini hadithi ile iliandikwa kama ugomvi wa wakubwa wawili, Uhuru na Maraga, nani atamshinda nani. Huku chini ilikuwa na sura nyingine.

Mjomba wangu ana kesi ya shamba katika mojawapo ya mahakama hizi za Pwani, na mwishoni mwa 2019 nilimsindikiza mara kadhaa. Orodha ya kesi za siku hubandikwa ukutani karibu na mlango, na watu husongamana pale wakifuata majina yao kwa kidole. Siku moja nikaisoma yote kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Ilikuwa shamba, shamba, mirathi ya shamba, hatimiliki mbili za kiwanja kimoja, mpangaji na mwenye nyumba, shamba tena. Chini kabisa palikuwa na kesi moja ya machimbo ya mawe. Waliokuja kwa ajili yake walikuwa kina mama wapatao sita, wameketi kwenye benchi na chupa ya chai, na mmoja wao alikuwa na mfuko wa plastiki wenye picha za ukuta wa nyumba yake uliopasuka kwa baruti.

"Mwanangu," mjomba akaniuliza, "hii ni mahakama ya mashamba ama ya mazingira?"

"Ni ya vyote viwili, mjomba. Jaji ni mmoja."

"Basi hao wamama watakaa sana."

Karani akatoka saa nne kasoro. Jaji hakai leo, yuko kwenye kituo kingine, chukueni tarehe. Mjomba alipewa tarehe ya miezi mitano mbele na hakushtuka. Shamba lake lilikuwa limengoja miaka kumi na mbili, na shamba halihami. Wale kina mama nao walipewa tarehe ya mwezi uleule. Nilipowaona tena, mwenye picha alikuwa na picha mpya. Shimo lilikuwa limefika kwenye choo cha jirani yake.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna wakili aliyewahi kunieleza. Kesi za ardhi na kesi za mazingira zimefungwa nira moja kama ng'ombe na mbuzi. Ya ardhi inavumilia kungoja: jaji akija baada ya miaka mitatu bado ekari zitakuwa pale, na hatimiliki iliyotolewa kwa hila inaweza kufutwa. Ya mazingira, jaji akija baada ya miaka mitatu atakuta anaombwa kusimamisha kitu kilichokwisha kutendeka. Kwa hiyo viti 20 vikiachwa wazi kwenye mahakama ile, si wote wanaoumia sawasawa.

Owino Uhuru ni mfano ambao kila mtu wa Mombasa anaujua. Kwenye mtaa ule wa wakazi wapatao elfu tatu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia watu madini ya risasi hewani na majini hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo kabla mtoto wake hajagunduliwa kuwa na sumu hiyo mwilini, ndiye aliyeongoza mapambano, na 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kesi ilifunguliwa 2016 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa. Jaji Anne Omollo alitoa hukumu Julai 2020, katikati kabisa ya ule mvutano wa Ikulu: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na amri kwamba udongo ule usafishwe la sivyo zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Na wajibu haukuwekwa kwa kiwanda peke yake. NEMA na wizara nazo zilibebeshwa sehemu yao kwa kuzembea kazi waliyopewa na sheria.

Ni hukumu nzito, na ninaamini isingeandikwa na mahakama ya kawaida ambayo asubuhi inasikiza wizi wa mabavu na jioni talaka. Ilihitaji jaji aliyezoea ripoti za maabara na anayejua leseni ya mazingira hutolewaje. Lakini tazama kilichofuata. NEMA ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa wakati huo ilikuwa imebaki na takriban nusu ya majaji 30 wanaoruhusiwa na sheria, kwani wale 11 wa orodha ya 2019 walikuwa bado nje. Uamuzi wa rufaa ulitoka 2023 na kuifuta ile fidia ili ikadiriwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ndipo ikairudisha. Tangu kesi ifunguliwe hadi hapo ni karibu miaka tisa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza ameshamaliza shule ya msingi, na madini ya risasi, kwa taarifa yako, hukaa kwenye mifupa.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana nisije nikaonekana nasema kuchelewa ni kubaya siku zote. Lamu walichelewa na wakafaidika. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi ulipewa leseni na NEMA mwaka 2016. Save Lamu, kikundi cha wakazi waliopinga mradi huo, na wenzao hawakuanza mahakamani. Walikwenda kwenye jopo la rufaa la mazingira, lile linaloitwa NET. Sheria ya mazingira ya 1999 ilikuwa na kifungu kizuri sana: ukikata rufaa pale, mambo yabaki yalivyo hadi jopo liamue. Mwekezaji akawa ndiye anayengoja. Juni 2019 jopo likaifuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ikakata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, na rufaa hiyo ilitupwa Oktoba 2025. Miaka sita yote hiyo hakuna hata jiwe la msingi.

Kwa hiyo swali la maana ni nani ameshikilia jembe wakati jaji hayupo. Leseni ikiwa imesimamishwa, kiti kitupu kinamchosha mwekezaji. Ikiwa baruti zinaendelea kulipuka, kiti kitupu kinafanya kazi ya mwekezaji bila malipo. Na hilo jopo lenyewe nalo ni la kuteuliwa. Mwenyekiti hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, mjumbe mwingine na Chama cha Mawakili, na wengine huteuliwa na waziri wa mazingira, waziri yuleyule ambaye NEMA iko chini yake. Muda wao ukiisha na waziri akajisahau, jopo halina idadi ya kukaa. Hakuna maandamano yatakayofanyika kwa ajili ya hilo. Halitatangazwa hata kwenye taarifa ya saa moja.

Juni 2021, Maraga akiwa amestaafu na Martha Koome akiwa ndiye Jaji Mkuu mpya, Uhuru aliteua majaji 34 kati ya 40 waliobaki. Kumi na wanane walikwenda Mazingira na Ardhi. Kati yao alikuwemo Oguttu Mboya. Miaka miwili baadaye, Julai 2023, Rais William Ruto akatangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti misituni iliyokuwepo tangu 2018. Chama cha Mawakili kikakimbilia kortini, na mwanzoni mwa Agosti aliyetoa agizo la kusimamisha tangazo hilo kwa muda ni Jaji Oguttu Mboya. Unaweza kuwa upande wa wenye viwanda vya mbao, na wana hoja zao. Kuna watu Molo na Elburgoni waliokosa riziki miaka mitano. Lakini fikiria faili lile lingeangukia meza gani kama sahihi ya Juni 2021 isingepatikana, na misumeno ingekuwa imefika wapi kabla tarehe haijatolewa.

Sita waliachwa. Wanne walikuwa wa Mahakama ya Rufaa: George Odunga, Aggrey Muchelule, Weldon Korir na Joel Ngugi. Wawili walikuwa wa Mazingira na Ardhi: Evans Makori na Judith Omange. Ngugi alikuwa kwenye jopo lililoamua kesi ya makaa ya mawe ya bonde la Mui, Kitui, mwaka 2015, uamuzi ambao mawakili wanaunukuu hadi leo kila wanapobishana kuhusu maana ya kuwashirikisha wananchi kwenye mradi. Yeye na Odunga walikuwa pia miongoni mwa majaji waliouzima BBI, mpango wa Uhuru wa kubadilisha katiba, Mei 2021, wiki chache kabla ya orodha ya 34 kutangazwa, na Wakenya walijumlisha wenyewe. Kuhusu hizo ripoti za ujasusi, ushahidi wenyewe haukuwahi kuwekwa mezani umma ukauona. Kama jaji ana doa, Kifungu cha 168 kinaeleza njia ya kumwondoa: malalamiko yaandikwe, Tume iyapime, iundwe tume maalumu, naye ajitetee. Kumnyima kiapo kimyakimya ni kumhukumu mtu bila shtaka.

Walisubiri hadi Septemba 2022. Ruto aliwateua siku aliyoapishwa, kesho yake wakala kiapo. Makori, aliyekuwa hakimu mkuu hapa Mombasa, alikuja kukaa Malindi, kituo ambacho kesi zake zinagusa ufuo wa Kilifi, chumvi ya Magarini na visiwa vya Lamu. Miaka mitatu tangu apite usaili.

Wenzetu wanaofuatilia habari za Marekani hunielewa haraka nikiwatajia kiti kimoja tu. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba gesi zinazopasha dunia joto zinaweza kudhibitiwa na wakala wa serikali wa mazingira. Jaji Anthony Kennedy alikuwa miongoni mwa wale watano. Alistaafu 2018, Rais Trump akamweka Brett Kavanaugh, na Juni 2022 Kavanaugh alikuwa miongoni mwa sita waliompunguzia wakala huyo mamlaka juu ya mitambo ya umeme. Kule ugomvi ni kuhusu nani anakaa kwenye kiti, na wanaufanya kwa sauti ya juu, Seneti nzima ikitazamwa. Kwetu ujanja umekuwa wa kutokiweka kiti. Naona wa kwetu ndio mbaya zaidi, kwa sababu hukumu mbaya unaweza kuisoma, ukaikatia rufaa, ukaibishia kwenye redio. Hukumu ambayo haijaandikwa utaikatia rufaa wapi?

Kuna jambo jingine ambalo si la rais bali ni la Tume yenyewe, na hapa nitawaudhi marafiki zangu mawakili. Sheria ya mahakama hii inataka mtu mwenye uzoefu wa mazingira au wa ardhi. Mawakili wa ardhi tunao wengi, ndiko kwenye pesa. Wa mazingira ni wachache na wengi wao wanafanya kazi za kujitolea. Nimetazama usaili kadhaa kwenye runinga, na mwombaji huulizwa kuhusu hatimiliki, umiliki wa muda mrefu bila bughudha, haki za mke kwenye shamba la ndoa. Ni maswali mazuri. Mjomba wangu angeyapigia makofi. Ila unaweza kuketi saa nzima usisikie mto ukitajwa.

Tume ikitangaza tena nafasi za mahakama hii, kutakuwa na zile siku chache ambazo umma unaombwa kuandika maoni juu ya waombaji. Nimeshaandaa langu, ni swali tu, na nitaomba kila mmoja wao aulizwe: kampuni ina leseni halali, imekopa benki, imeajiri vijana 200 wa kijiji, mbele yako wako kina mama sita wenye picha za ukuta uliopasuka, hawana mtaalamu wala pesa za kumlipa, na ripoti ya kisayansi itachukua miezi minane. Wanaomba baruti zisimame Jumatatu. Utaandika nini?